Gari Jekundu la Bwana Shamba

Jumatatu, 6 Juni 1994
Karani wa idara amerudi kutoka makao ya wilaya, Utete, na kikohozi na habari mbaya. Kikohozi ni chake, habari ni yetu sote. Eti orodha ya watakaopunguzwa kazi inaandaliwa. Nikamuuliza, na sisi mabwana shamba tumo? Akakohoa.

Mimi, Remigius! Miaka kumi na mmoja Kibiti hii, cheti ukutani! Nikipunguzwa nitarudi Rombo kwenye migomba ya kaka Joachim, na kaka Joachim atanifundisha kushika panga mbele ya watoto wake. Heri nife.

Ila Mungu hamtupi mja wake. Mkuu wa Idara anakuja Jumatano ya wiki ijayo na mfadhili mmoja wa Kizungu, kuangalia nani anafanya nini. Nina siku tisa. Nahitaji kitu cha kuonekana. Mke wangu Aika ameshauri niende bondeni nikawatembelee wakulima. Maskini Aika, hana upeo.

Jumanne, 7 Juni
Nimepata! Nimepata!

Bushiri wa duka la sokoni karudi kutoka Dubai. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini, hata saa zinazoimba. Juu ya meza yake kulikuwa na magari mawili ya rimoti. Nikayatazama. Nikawaza nyani.

Wakulima wa bonde la Mtawanya wanashinda juu ya madungu, vile vibanda vya miti mirefu, wanapiga madebe na kutupa mawe tangu alfajiri ili nyani wasile mpunga. Nguvu kazi inapotea bure! Kumbe mtu mmoja tu kivulini, rimoti mkononi, gari linafukuza nyani bonde zima. Mradi wa Ulinzi wa Mazao kwa Mitambo. Jina peke yake linatosha mshahara.

Kazi ikawa kuchagua. La kwanza baya: kijivu, fupi, tumbo juu, magurudumu manene yenye meno, mwendo wa kobe. La pili jekundu, limelala chini, milia ya dhahabu, vioo vyeusi. Lo! Moyo ulinienda mbio.

Bushiri akasema kwa tope na visiki nichukue la kijivu. Ndilo la mtu anayeanza. Tumbo halikwami, likipinduka halivunjiki, na halikimbii kuliko akili ya aliyelishika. Lile jekundu, akasema, ni la sakafuni.

Mtu anayeanza! Nikamuuliza kama anajua nina cheti. Akasema anajua, Bwana Shamba, cheti cha mahindi. Watu walikuwepo, wakacheka.

Nikachukua jekundu. Nimemwachia baiskeli yangu ya Kichina, tumebadilishana. Bondeni nitakwenda kwa miguu. Mitume nao walikwenda kwa miguu.

Jumatano, 8 Juni
Gari linakula betri nane. Nimezipata kwenye redio ya Aika. Jioni amekosa kipindi chake cha salamu na amenuna. Nimemwambia taifa linajengwa kwa kujinyima.

Jaribio la kwanza, uani. Gari lilipita chini ya kigoda, likaingia bandani kwa kuku, likatoka na manyoya. Jogoo amepanda juu ya paa na hataki kushuka. Matokeo mazuri sana. Jogoo si nyani, lakini na yeye ni mnyama.

Aika kauliza baiskeli iko wapi. Nikasema ipo mradini.

Ijumaa, 10 Juni
Fedheha. Deusdedit, bwana afya, jirani yangu wa ukuta mmoja, kanunua lile la kijivu! Nilikuwepo dukani, nilikwenda kuulizia tairi (la mbele limeng'oka, nimelifunga kwa uzi). Eti amelipenda tu. Sasa amekaa kibarazani na miwani, anasoma karatasi ya maelekezo! Mtu mzima, anasoma maelekezo.

Bushiri alituonya wote wawili kwamba magari haya yametoka katoni moja, rimoti zake zinasikilizana, tusiyawashe pamoja. Mimi nilikuwa natazama tairi. Deusdedit aliandika kwenye kidaftari chake. Hivyo ndivyo alivyo, anaandika.

Jumamosi, 11 Juni
Ajabu. Tulikuwa tunakula, gari langu likatoka lenyewe chini ya kitanda, likazunguka mara mbili, likagonga mguu wa meza. Aika akafanya ishara ya msalaba, akasema ni jini. Nikamweleza kwamba mitambo ya kisasa ikizoea kazi hujiongeza yenyewe.

Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Deusdedit anacheka peke yake. Mtu asiyeoa mwisho wake ndio huu.

Jumatatu, 13 Juni
Mtawanya kwa miguu. Malengelenge mawili kisigino cha kulia, moja kushoto. Njiani nikapitwa na mwanamke amepakiwa kwenye baiskeli yangu. Bushiri ameiuza.

Nimechagua shamba la Bi Mwanamkuu. Mjane, ulimi mkali, mpunga wake umeiva vizuri kuliko wote bondeni, wiki moja tu avune. Nilimkuta juu ya dungu na kombeo lake. Hakushuka. Akaniuliza toka juu hukohuko: mwanangu, hicho chombo chako kikienda upande huu, nyani wakija upande ule? Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu, ataelewa siku yenyewe. Akasema mpunga huu ndio chakula chake cha mwaka mzima, hana mwingine. Nikamwambia asiwe na shaka.

Nimeagiza mbiu ipigwe bonde zima. Jumatano saa tatu wote waje kwa Bi Mwanamkuu, asibaki hata mmoja. Wageni lazima waone umati.

Gari sikulijaribu topeni. Lingechafuka.

Jumatano, 15 Juni
Naandika yote kama yalivyotokea.

Umati ulikuja! Madungu yote yakabaki matupu. Mkuu wa Idara, shati jeupe. Mfadhili, kofia pana, kamera shingoni. Na Deusdedit! Eti ameambatana na wageni kukagua vyoo, na kwenye mfuko wake lile gari la kijivu. Akaninong'oneza kwamba amelileta la akiba, endapo langu litakwama. Endapo! Akaliwasha, akaliweka juu ya tuta, akaenda kusimama kando, mikono nyuma.

Nikatoa hotuba. Nikasema enzi ya debe imekwisha. Nikabonyeza.

Gari jekundu lilikwenda hatua nne. Hatua ya tano likalala na tumbo lake kwenye udongo wa mfinyanzi, magurudumu yakazunguka hewani, tope likaruka. Shati la Mkuu wa Idara sasa lina madoa ya kahawia, kifuani na kwenye kola. Nikabonyeza kwa hasira, mbele, nyuma, mbele. Jekundu kimya. Mara nasikia makofi.

Gari la kijivu lilikuwa linatembea! Limeshuka tuta, limevuka dimbwi, limepanda kisiki, limeshuka kisiki, halina wasiwasi. Deusdedit hata rimoti hakuishika, ilikuwa mfukoni. Nilikuwa naliendesha mimi! Kwa kidole changu hiki! Mfadhili akampiga picha Deusdedit. Mkuu wa Idara akampa mkono Deusdedit. Nikapiga kelele kwamba ni mimi, tazameni kidole, ni mimi. Mkuu akasema nitulie, nimwachie mwenzangu nafasi.

Hapo ndipo Bi Mwanamkuu alipogeuka. Akapiga yowe moja tu.

Nyani walikuwa shambani. Mbele, pembeni, juu ya dungu lake mwenyewe, mmoja amekaa pale anapokaa yeye, anatafuna. Na mashamba ya wenzake vilevile. Walikuwa wanaingia muda wote ule tunapiga makofi. Kwa Bi Mwanamkuu wamemaliza nusu nzima.

Hili ni kosa la watu wa Mtawanya. Mwenye akili huacha mtu nyumbani.

Nilimwendea kumpa pole. Akasema pole hailiki. Akanipa debe na rungu, akanionyesha ngazi ya dungu, akasema nusu iliyobaki nitailinda mimi mpaka avune. Mkuu wa Idara akasema hilo ni wazo zuri sana. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Nadhani ananipangia cheo.

Alhamisi, 16 Juni
Juu ya dungu. Kiuno. Jua. Chini watoto wanaimba wimbo wa bwana shamba na gari lake, una beti tatu tayari.

Nimeyatazama mashuke yaliyovunjwa toka huku juu. Ni mengi. Niliona haya, niandike ukweli. Halafu nikakumbuka kwamba ni kosa la tairi.

Jumamosi, 18 Juni
Nyani wamekuja mara nne. Mara nne nimepiga debe, nimepiga ukelele wa Rombo ule wa kuitana ng'ambo ya korongo, na mara nne wamekimbia mpaka msituni. Hawajala hata shuke moja! Inaonekana wananihusisha na gari.

Bi Mwanamkuu ameniletea ugali na samaki. Akasema akili sijui, lakini sauti ninayo. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti.

Jumatatu, 20 Juni
Mpunga umevunwa, nusu yake. Nimerudi Kibiti, na orodha imebandikwa.

Jina la saba. Remigius, bwana shamba. Nikasoma mara tatu nikidhani yuko Remigius mwingine. Karani hakukohoa. Alinishika bega, na hilo liliniuma zaidi. Nilikwenda nyuma ya choo cha ofisi nikalia. Miaka kumi na mmoja.

Deusdedit anapelekwa masomoni, Dar es Salaam kwanza, halafu ng'ambo. Sababu iliyoandikwa: ubunifu.

Aika alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia yote ni hila za Deusdedit, mtu anayependa sifa, anayejionyesha mbele ya wakubwa. Akasema nyani haoni kundule. Sikumwelewa. Hakuna aliyetaja nyani.

Jumatano, 22 Juni
Watu wamenionea huruma. Ninachoka nayo.

Aika anasema tusirudi Rombo. Kuku wake wanataga tena, jogoo ameshuka. Bi Mwanamkuu naye amekuja kwa miguu toka Mtawanya. Akasema yeye amezeeka kupanda ngazi. Nichukue kipande cha shamba lake, nilime changu, nilinde na chake. Nyani wananiogopa, akasema, na hilo si dogo. Akala maandazi mawili, akaondoka. Aika akalia kwa furaha. Na mimi kidogo.

Jioni Deusdedit akabisha hodi kuniaga. Akaniachia gari lake la kijivu, na rimoti, na ile karatasi ya maelekezo, imekunjwa vizuri. Akasema, Remi, hili ndilo la kujifunzia. Akasema samahani kwa ile siku, alijaribu kuwaambia kwamba ni mimi niliyekuwa ninabonyeza, hawakumsikiliza. Nilimkumbatia. Mtu mwema, kumbe.

Ijumaa, 24 Juni
Sikulala kwa mawazo. Tatizo halikuwa gari! Tatizo lilikuwa nchi kavu.

Nyani ni mambo madogo. Adui mkubwa wa mpunga ni kiboko. Wale wa bwawa la chini wanatoka majini na kufyeka shamba zima kwa pumzi moja. Na kiboko, katika maisha yake yote, hajawahi kuona mashua isiyo na mtu. Atakimbia!

Nilikuwa dukani kwa Bushiri kabla hajafungua. Anazo mashua mbili za rimoti, zimeingia juzi. Moja pana, rangi ya udongo, inakwenda polepole, haipinduki. Nyingine nyembamba, nyeupe, milia ya buluu, imechongoka mbele. Bushiri akasema Bwana Shamba, wallahi, kule bwawani kuna magugu na matope, na wewe bado unaanza, chukua hii pana.

Nikamwambia mimi siyo wa kuanza tena. Mimi nina uzoefu.

Nimempa gari la kijivu, lina tope la Mtawanya bado magurudumuni, nikachukua ile nyeupe. Karatasi ya maelekezo nimemwachia.

Aika yuko sokoni anauza mayai. Redio ipo mezani, betri mpya. Na nimeshamtuma mtu Mtawanya kupiga mbiu: Jumatano saa tatu watu wote wa bonde, na Bi Mwanamkuu akiwa wa kwanza, washuke madunguni waje bwawani. Asibaki hata mmoja.