Salamu za Marehemu Tangazo

"Mmesikia redio?" Waziri aliuliza kabla hata hajakaa. "Eti asiyesasisha kompyuta yake, wezi wa mtandaoni watamkomba mpaka picha za harusi!"

"Tumesikia," Kinyozi akamjibu. "Na wewe ndiye uliyemshikia bango Bi Chapa jana mpaka akasasisha. Haya, chungulia umwone uso."

Benchi lao lilikuwa chini ya dirisha la kibanda cha kuchapa barua. Ndani, Bi Chapa alikuwa ameikodolea macho skrini tangu afungue. Barua zilichapika, picha zilifunguka. Kilichogoma ni kimoja tu: kiprogramu alichokiunda marehemu mumewe, Tangazo, kitoe salamu kwa sauti yake kila kompyuta ikiwashwa. Sauti hiyo haikubaki mahali pengine popote.

"Zima, uwashe," Waziri akashauri.

"Nimezima mpaka swichi imelegea."

"Basi ifute hiyo programu, uiweke upya."

"Niifute?" Bi Chapa akamgeukia. Waziri akaanza kukichunguza kiatu chake.

"Tuifungue tupulize vumbi," Fundi Redio akasema, bisibisi tayari mkononi.

"Wewe tena? Redio yangu uliifungua mwaka juzi, mpaka leo iko wazi!" Bi Chapa akamzuia.

Kinyozi akaingiza kichwa dirishani. "Kwani yenyewe inasemaje, shemeji?"

"Inasema programu ni ya zamani, haiendani na mfumo mpya."

"Maringo hayo! Idanganye. Mimi wenye upara nawauliza, 'Leo tupunguze kiasi gani, mzee?' Wanatulia kitini kama watoto. Na hiyo iambie bado tuko enzi zile zile."

Waziri alicheka mpaka akashika mbavu. Bi Chapa hakucheka. Kwenye mipangilio alikuwa ameona mahali panapouliza jambo hilo hilo: programu iendeshwe kana kwamba mfumo haujabadilika? Akaweka alama. Akazima, akawasha.

"Mama watoto, umekula?" Sauti nzito, ile ile. "Na hao walioganda benchini, makwao hakuna kazi?"

Kinyozi akavua kofia. Fundi Redio akainuka na bisibisi yake, kama alivyokuwa akiinuka kila asubuhi zamani.

"Nimekula," Bi Chapa akaitikia, na chai yake ilikuwa haijaguswa.

Waziri alikuwa ameshafika barabarani. Akasimama, akarudi, akaketi pale pale.

"Shemeji, hebu izime uiwashe tena. Sijafukuzwa vizuri."