Selaginela Iliyotapakaa Bonde Zima

Jumatatu, 6 Mei
Daktari wa mimea, bosi wetu, ametangaza: Ijumaa atachagua kiongozi wa kikosi cha msituni. Ni mimi au jirani yangu wa meza, tunayemwita Miwani. Atakayekosa atabaki ofisini kubandika lebo. Mke wangu ameshamwambia mama yake kwamba nimechaguliwa. Sijui nani alimdanganya. (Mimi.)

Kazi yenyewe ni kutambua aina za selaginela, mmea mdogo unaotambaa chini msituni. Ukiiona utasema kuvumwani. Si kuvumwani. Nimeonywa mara tatu.

Jumanne, 7 Mei
Msituni kutwa, magoti kwenye matope. Daktari anasema siri iko kwenye majani: makubwa pembeni, madogo juu ya shina, na ukingo wa hayo madogo ndio unaotenganisha aina. Una meno? Una vinyweleo? Nilichungulia kwa lenzi saa nzima. Nilichoona ni kope zangu. Miwani kafika aina ya sita, tena anapiga mluzi. Simpendi.

Jumatano, 8 Mei
Miwani alikwenda kunywa chai, akaacha daftari juu ya jiwe. Sikuiba. Nilisoma. Mwandiko kama kuku amechakura. Mstari wa kwanza, jina refu la Kilatini. Chini yake: S. ileile (S. ni selaginela, hilo najua). Chini yake tena: S. ileile. Kurasa mbili, ileile kila mahali! Aina hii sijawahi kuisikia, na kitabu nimekimaliza chote (picha). Nikanakili.

Nyumbani nimefanya mazoezi ya kuitamka mbele ya kioo, mkazo kwenye silabi ya kwanza, kitaalamu. Mke wangu akauliza namlaani nani.

Alhamisi, 9 Mei
Nimewasilisha mbele ya wote. Nikasema selaginela ileile imetapakaa bonde zima, na ni aibu kwamba hakuna aliyeiona. Daktari akaniomba nirudie jina. Nikarudia, na mkazo. Akauliza ileile ipi. Nikamjibu, ileile yenye vinyweleo. Miwani akatoka nje ameshika tumbo.

Daktari akanieleza, polepole kama anaongea na mgonjwa, kwamba kwenye daftari la msituni "ileile" maana yake ni ileile: sawa na ya mstari wa juu. Nikasema nilikuwa napima umakini wao.

Ijumaa, 10 Mei
Miwani kiongozi. Mimi lebo. Mke wangu hakugomba; alimpigia mama yake, akanikabidhi simu nijieleze mwenyewe. Nimeumia, sifichi.

Ila kosa langu nimeliona. Nilinakili kwa mtu asiyejua kuandika. Leo nimepita mezani kwa Daktari mwenyewe, nikakuta orodha yake, herufi safi kabisa, na bahasha kumi na moja za sampuli zinazosubiri lebo. Zote aina moja: S. bado. Jina fupi, zuri. Nimeziandika zote kumi na moja, kwa wino usiofutika.