Kamati ya Kutambua Jasho Yatembelea Ukumbi

Kwa mamlaka niliyopewa, nilitangaza katika ukumbi wa kabila letu la Ojibwe, wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna atakayetokwa jasho kabla jasho lake halijatambuliwa na Kamati. Mwenyekiti wa Kamati ni mimi, Clifford. Wajumbe pia ni mimi, wengine wako semina.

Ajenda ilikuwa moja: kufunga darasa la Alhamisi. Akina mama thelathini wanene, walioambiwa na daktari wafanye mazoezi, hucheza ngoma yetu ya uponyaji wamevaa magauni yaliyoshonewa vibati vinavyolia chwa-chwa-chwa. Kanuni inasema zoezi hufanyika kimya, juu ya mashine. Mashine zipo mjini, maili sabini tu.

"Mwanangu," alisema Shangazi Bernadine, mwalimu wao, "sukari yangu imeshuka kwa ngoma hii. Ukiifunga narudi kwenye kochi, na safari hii sitoki. Naogopa, Clifford."

"Shangazi, uchunguzi unaonyesha mnacheka mno. Mtu wa mazoezi hacheki."

"Na hicho kitambi chako, Kamati imekitambua?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikaandika: ushahidi.

Shangazi akawanong'oneza wapiga ngoma, kisha akanigeukia. "Haya, Mwenyekiti. Kabla hujafunga, tukuimbie wimbo wa heshima."

Nani anakataa heshima? Kwetu anayeimbiwa hutangulia kuzunguka ukumbi akicheza, watu humfuata nyuma, na hatoki mpaka ngoma inyamaze. Nikafunga koti, nikatangulia.

Mzunguko wa kwanza niliwapungia mkono. Wa pili niliacha. Wa tatu, nyuma yangu, bibi wa miaka sabini na mmoja alikuwa akimweleza mwenzake namna ya kupika supu ya mchele wa porini.

"Shangazi... wimbo huu... una beti ngapi?"

"Inategemea heshima ya mtu, baba. Yako kubwa!"

Ngoma iliponyamaza nilikuwa chini. Ramona, muuguzi wa darasa, akanipima presha. Akasubiri nipoe, akapima tena, akaguna.

"Clifford, presha iko juu. Kwa kanuni uliyoiandika mwenyewe, unaandikishwa leo leo kwenye zoezi linalotambuliwa lililo karibu."

"Lipi hilo?"

"Tuambie wewe."

Kamati ikaketi palepale sakafuni na kulitambua darasa kwa kauli moja. Nikaomba niwekwe mstari wa mbele, kulingana na cheo.

"Nyuma, mwanangu," alisema Shangazi akinifuta jasho. "Mbele ni kwa wanaoweza."