Dume la Mbegu Mwenye Miwani

Jamani, leo sina pa kuweka uso.

Mnajua mimi ndiye ninayeitunza tovuti ya chama chetu cha wafugaji wa maziwa, huku Kibosho. (Nilijiteua mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.) Wazee hawakuitaka. Mwenyekiti, Mzee Kimaryo, alisema ubao wa matangazo unatosha. Nikang'ang'ana mpaka wakakubali niwaonyeshe leo ukumbini, mbele ya wanachama wote. Wakiikataa, tunarudi kwenye chaki.

Asubuhi nikateremka Moshi mjini, kwenye intaneti kafe. Tovuti yetu inahaririwa hukohuko kwenye seva: unaingia na neno la siri, unaandika, unabonyeza "hifadhi", dunia nzima inaona. Yalibaki maelezo ya chini ya picha ya ng'ombe wetu tu. Nikaandika kwa madaha: "Huyu ndiye dume letu la mbegu. Mpole, ana afya, na majike wa Kibosho nzima wanamjua." Hifadhi! Sikukagua. (Nilikuwa nawahi gari la kupanda Kibosho.)

Ukumbi ulifurika. Projekta ikawaka, laini ya simu ikalialia, tukaingia. Nikafungua ukurasa wa Paroko, mlezi wa chama.

Laini ilikuwa nzito, kwa hiyo maandishi yakatangulia. Akina mama wakasoma kwa sauti, "Huyu ndiye dume letu la mbegu..." Nikadhani nimebonyeza ukurasa wa ng'ombe kwa bahati mbaya. Nikasema kwa kujiamini, "Subirini, picha inashuka. Mtampenda!"

Ikashuka taratibu. Nywele zenye mvi. Paji la uso. Miwani.

Ng'ombe gani anavaa miwani?

Kola nyeupe.

Paroko mwenyewe alikuwa mstari wa mbele. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma upya.

"Ni kosa dogo!" nikasema. "Tuone ya mwenyekiti!" Nikabonyeza. Mzee Kimaryo huyo, ndani ya suti yake ya harusi, na chini yake majike walewale wa Kibosho nzima.

Mkewe akamgeukia. "Baba Aloisi, hao wanaokujua ni akina nani?"

Watu walicheka hadi mabenchi yakalia.

"Zima hicho kitu!" akafoka Mzee Kimaryo.

"Sizimi, Mzee. Nipe nafasi nirekebishe."

Kukimbia sikimbii. Kumbe asubuhi niliandika kwenye ukurasa mama, ule ambao neno lake linatokea chini ya kila picha. Nikaingia kwenye seva mbele ya macho yote yale. Neno la siri nikalikosea. Nikarudia. Nikaifuta ile sentensi, nikaihamishia kwa ng'ombe, hifadhi. Kisha nikawafungulia picha moja moja hadi ya mwisho. Safi.

Mzee Kimaryo akanitazama. "Kwa hiyo ukikosea unafuta hapohapo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na kijana wangu aliyeko Dar anaona umefuta?"

"Anaona, Mzee."

"Basi tovuti ibaki. Ila picha yangu itoe."

Paroko akafunga mkutano kwa sala. Akawaombea ng'ombe wetu, na wale wote wanaotuchanganya nao.

Haya, chekeni mmalize. Jumapili msinitafute misa ya kwanza. Nasali ya pili, nyuma ya nguzo.