Tamko la Usawa wa Matunda Yaliyogandishwa

Kwa heshima na taadhima, sisi Kamati Kuu ya Matunda Madogo tunayo furaha kuutangazia umma kwamba stroberi na forosadi zilizomo kwenye friza za serikali hazizeeki. Mimi ndiye katibu wa kamati. Tangazo hili nimeliandika mwenyewe, kwa hiyo najua lina ukweli kiasi gani.

Chanzo chake ni muuguzi mkuu wa wodi ya watoto walioungua, ambaye kwa bahati mbaya ni shangazi yangu. Aliingia kikaoni bila miadi, akaweka mezani mfuko wa forosadi tulizogandisha enzi za mkurugenzi aliyepita, ambazo ndizo watoto wa wodi yake hupewa. Zilikuwa zimeyeyuka na kuwa uji wa kahawia.

"Mwanangu," aliniambia mbele za watu, "vidonda vya wale watoto havifungi. Maabara wamezipima hizi, vitamini C imebaki kiduchu. Nipeni matunda ya leo."

Nilimwomba aniite Katibu. Hakusikia. Hajawahi kusikia.

Mkurugenzi wetu wa sasa alisafisha koo. "Mama, vitamini haijapotea. Kwa baridi ile hata wewe ungejikunyata. Imejikunyata tu, imo humohumo ndani."

"Na ikijikunjua mtaniambia? Watoto wanaumia, baba."

Tulilijadili suala kwa kina. Kipimajoto kilithibitisha kwamba friza zina baridi kuliko mwaka jana, hivyo ubora umepanda. Mjumbe mmoja alishauri tufungue friza tuonje. Akaelezwa kwamba kufungua kunapoteza baridi, na baridi ni mali ya umma. Muda wote huo tulikuwa tunakula stroberi zilizochumwa asubuhi, kutoka kwenye sinia linaloletwa kila kikao. Huo si ulafi. Ni sampuli za kulinganishia, ingawa haijawahi kubaki hata moja ya kulinganisha.

Hatimaye Mkurugenzi akasaini Tamko la Usawa: tunda lililogandishwa na tunda lililochumwa leo ni kitu kimoja, na atakayeona tofauti atachukuliwa hatua. Tukapiga makofi. Shangazi naye akapiga, jambo lililonitia wasiwasi, maana namjua.

"Basi kwa kuwa ni kitu kimoja," alisema, "tubadilishane. Sinia lije wodini kila siku, mifuko ya friza iwe yenu. Au kuna mtu anaona tofauti?"

Hakuna aliyeona. Kila mmoja wetu ana familia.

Sinia lilitoka, Mkurugenzi akalisindikiza kwa macho hadi mlangoni. Tangu hapo kamati inakula uji wa kahawia kwa vijiko, kwa utulivu mkubwa. Ubora ni uleule. Vikao vimekuwa vifupi sana.

Pia Mkurugenzi ameanza kupenda kutazama wagonjwa. Juzi nilimkuta wodini, amekaa kando ya kitanda cha mtoto asiyemjua, macho yote kwenye bakuli lake la stroberi. Bandeji ya mtoto imepungua, imebaki kwenye kiganja tu. Nilifurahi mno kuiona, ingawa kikazi sina maoni.

"Unataka moja, mjomba?" mtoto aliuliza, midomo myekundu.

Mkurugenzi akanyoosha mkono. Shangazi akamuwahi, akamwekea mkononi mfuko wa mwisho uliobaki kwenye friza ya wodi, mgumu kama tofali.

"Chukua huu, mheshimiwa. Ni kitu kimoja. Umesaini mwenyewe."