Mishipa ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa moyo amepiga simu. Mwaka umetimia tangu anipige picha ya mishipa na kunipa vidonge vya kushusha kolesteroli. Ijumaa napigwa nyingine, tuone kama mafuta yaliyoganda mishipani yamepungua. Nimemjibu kwamba naisubiri kwa hamu. Sijameza hata kidonge kimoja. Mke wangu hunipa mwenyewe na maji juu. Nabana shavuni, natemea kwenye chungu cha maua. Maua yamenawiri.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni mali. Kaka wa mke wangu ni mwembamba kama ufito na hukimbia kila asubuhi, kisha huja kuniulizia kitambi. Nimemwomba aingie mashineni kwa jina langu. Kakataa. Nikasema labda anaogopa sindano. Kakubali.

Ijumaa, 7 Machi
Mambo shwari. Hakuna aliyemtazama usoni. Nimejipongeza kwa chipsi, sahani mbili.

Jumatatu, 10 Machi
Msiba. Daktari katuita, mimi na mke wangu, akaweka picha mbili ukutani. Ya mwaka jana, mafuta kiasi. Ya sasa, mshipa mmoja umebaki tundu la sindano. Akasema hajawahi kuona dawa ikirudi kinyumenyume, nilazwe leo hii. Mke wangu akalia. Nami nikashika kifua, machozi yakinilenga. Ndipo nikakumbuka kifua chenyewe ni cha nani, na saa hizo kiko uwanjani kinakimbia.
Nikasema kweli. Alivyonitazama mke wangu, siandiki.
Tulimkuta shemeji katikati ya mbio. Nilimfukuza uwanja mzima nikimwita asimame. Alidhani nashindana naye, akaongeza kasi.

Alhamisi, 13 Machi
Shemeji kazibuliwa mshipa. Daktari anasema angeanguka wakati wowote, wembamba si kinga. Nilipoingia wodini alinishika mkono, akasema, "Shemeji, umeniokoa." Nilikohoa, nikatazama dirishani. Mke wangu bado haongei nami. Picha yangu halisi ni kesho kutwa.

Ijumaa, 14 Machi
Nimejichunguza kwa moyo mkunjufu na kosa nimeliona. Niliazima mishipa bila kuikagua. Jirani yetu fundi baiskeli kapimwa juzi, msafi kabisa. Nampitia jioni. Kwa masikio, tunafanana.