Siku Mtambo Ulipoacha Kunuka

Jumatatu, 3 Machi
Mzee Waisale anastaafu Ijumaa. Msimamizi mpya wa mtambo wa majitaka ni mimi au Bimla. Bimla! Mtu wa kukodolea hadubini siku nzima, akiwasalimia wadudu wanaokula uchafu wa mji. Wakubwa huhukumu kwa pua, bwana. Alfajiri nimemwaga bwawani mapipa manne ya dawa kali ya vyoo. Tuone nani mjanja.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Pananukia kama zahanati. Mzee kavuta pumzi hadi vifungo vya shati vikalalamika, akasema miaka thelathini hajapata hewa tamu hivi. Bimla hakusifu. Kanusa, kanitazama, kaenda kwenye hadubini. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Bimla anasema hakuna kinachocheza, wadudu wamekufa wote. Povu limefika kwenye ngazi. Nikasema labda wamelala. Akanijibu, "Kaka Vilimone, hawa hawana mapumziko ya chai." Kafunga lango la kutolea maji. Bwawa likijaa, uchafu mbichi utamwagika baharini, pale pale mke wangu Kelera anapochuma mwani wa kuuza sokoni. Na mvua imeanza.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua haikatiki. Imebaki shubiri moja maji yafike ukingoni. Bimla kaagiza lori la tope lenye wadudu hai kutoka mtambo wa mji wa Lautoka. Safari ya saa tano!
Nikamkataza Kelera kwenda kuchuma. Kwa nini? Nikasema papa. Akacheka hadi akakaa chini. "Papa gani, baba Josefa, maji yananifika magotini? Una lako jambo wewe." Kachukua kikapu, kaenda. Naogopa kweli kweli.
Kisha nikapata wazo. Kwetu ukimpelekea mtu mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, kuomba radhi, naye akaipokea, kosa limekwisha na halitajwi tena. Basi niombe radhi bila kulitaja kabisa! Nikapiga magoti mbele ya Mzee, nikaweka fungu, nikasema nimekosa. Akapokea, akapiga makofi ya kupokea, machozi yakamtoka. Akasema alijua nina moyo mwema: nimekuja kutubu tamaa yangu na kumwachia Bimla cheo.
Alishapokea. Na fungu likipokewa halirudishwi!
Lori limeingia saa kumi, maji yamebakiza vidole viwili. Nimepakua tope kwa koleo hadi mikono ikachubuka. Mvua ikakatika. Kelera karudi na kikapu kimejaa, mzima. Nimemkumbatia. Kauliza nimevunja nini.

Jumatatu, 10 Machi
Bimla ndiye msimamizi. Lango limefunguliwa, maji yanatoka safi. Kanikumbusha kwamba yeye hakuletewa mizizi yoyote, kwa hiyo kwake kosa lipo. Adhabu yangu ni kuwalinda wadudu. Nisiwape kitu. "Hata salamu, kaka."
Nimewatazama kwenye hadubini mchana kutwa. Wanajikunja, wanatafuna, maskini. Nimewapenda ghafla. Lakini wamekonda! Nani atafanya kazi ya mji mzima kwa chakula cha aina moja? Binamu yangu yuko kiwanda cha sukari, molasi, ule uji mtamu mweusi wa miwa, kwake ni bwerere. Nimeagiza madumu ishirini. Kesho, kabla Bimla hajafika, watakula karamu.